Mkalimani wa Mvinyo

Somoe alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari, na mkalimani pale kazi ya ziada ilipojitokeza. Jumamosi asubuhi aliwafundisha Kurani wasichana wa mtaani kwao, Kunduchi Mtongani, katika chuo cha Ustadhi Kondo. Kazi zote hizo alizifanya kwa mdomo uleule, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja zingegombana.

Aliyemletea kazi ile ni Genoveva, mama wa Kihaya mwenye duka la vyakula vya nje kule Msasani. Somoe alishamfasiria mara moja kwenye kikao cha wanunuzi wa kahawa, na Genoveva akampenda kwa kuwa hakuwa mtu wa kusitasita. Safari hii alimpigia simu akasema kuna mzee wa Kifaransa anakuja kueleza historia ya shamba la ukoo wao, kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach.

"Analima nini?" Somoe aliuliza.

"Zabibu."

Somoe akaenda kujiandaa. Alisoma habari za kupogoa mizabibu, udongo wa chokaa, ukungu wa majani. Kila aliposoma, ukurasa wa pili au wa tatu ulimpeleka kwenye mapipa, naye akaufunga. Baadaye watu walimuuliza kama alijua. Alijua na hakujua. Zabibu ni zabibu, alijiambia. Hata kwenye futari ya Ramadhani zinaliwa.

Alipoingia ukumbini akakuta meza ndefu yenye kitambaa cheupe na chupa zimepangwa kama askari wa gwaride. Akamvuta Genoveva pembeni.

"Dada Geno, hii ni pombe."

"Ni mvinyo."

"Uliniambia zabibu!"

"Jamani Somoe, sasa zabibu za Mfaransa ulidhani zinakuwa nini, jemu?" Genoveva akamshika mkono. "Mdogo wangu, wewe hunywi, humimini, hugusi chupa. Unasema tu. Na wageni wameshakaa."

Kweli walikuwa wameshakaa: wenye migahawa, mameneja wa hoteli, watu wa maduka. Na mzee mwenyewe alikuwa ameshasimama. Aliitwa Étienne Vauzelle, mrefu, mkavu, vidole vimekomaa kama mizizi. Alimwinamia Somoe kwa heshima, akamwambia kwa Kifaransa kwamba anaogopa kuongea mbele za watu na kwamba maisha yake sasa yako mikononi mwa binti huyu. Somoe akajikuta anamhurumia. Akasimama kando yake.

Sasa, mkalimani aliyefundwa hasemi "anasema hivi, anasema vile". Msemaji akisema mimi, naye husema mimi. Somoe alifundishwa hivyo na alijivunia. Kwa hiyo mzee alipoanza, yeye naye alianza.

"Mimi ni Vauzelle wa tano," alisema Somoe, mtandio wake wa kijani umemfunika mpaka kifuani. "Babu wa babu yangu alikuwa fundi wa mapipa. Alitengeneza mapipa ya watu wengine mpaka akachoka kusikia sifa za mvinyo wa watu wengine. Akanunua kilima cha mawe ambacho hakuna aliyekitaka, hata mbuzi. Majirani wakamwita mwehu."

Watu wakacheka. Mzee akachangamka. Akaeleza jinsi wadudu walivyokula mizizi ya mizabibu ya bonde zima, na jinsi mke wa yule fundi alivyopandikiza vichipukizi vya mizabibu yao juu ya mizizi ya kigeni, mmoja mmoja, huku mumewe amekaa ndani hataki kutazama. Akaeleza sheria ya ukoo: Vauzelle anayerithi shamba hukaa mwaka mzima bila kutoa amri yoyote. Anatembea kwenye mistari ya mizabibu, anaonja, ananyamaza. Ni baada ya mwaka huo ndipo anaruhusiwa kusema neno.

Isack, mnunuzi wa vinywaji wa hoteli moja, akanyoosha mkono. "Muulize, anatia nini mpaka unakuwa mtamu?"

"Hakuna ninachotia," Somoe akafasiri.

"Hata sukari?"

"Hata sukari. Hata hamira. Zabibu zinakuja na hamira yake kwenye ganda. Sisi hatutengenezi mvinyo. Tunausindikiza."

"Kuusindikiza wapi?" Isack akauliza, na ukumbi ukaangua kicheko.

Somoe mwenyewe hakuelewa wapi. Alimgeukia mzee, na mzee akajibu kwa neno moja la Kifaransa ambalo walimu wake chuo kikuu walilipita haraka haraka, neno lenye udongo ndani yake, na jua, na mteremko wa kilima, na tabia za waliolima pale. Somoe akajaribu "udongo". Akajaribu "asili". Mwisho akasema, "Ukinywa, unakinywa kilima chenyewe," na watu wakatazamana, wengine wakitikisa vichwa kwa heshima, wengine wakitazama glasi zao kana kwamba wataona kokoto.

Hapo ndipo mzee, ambaye sasa woga wote ulikuwa umemtoka, alipoweka mkono kifuani akasema maneno yaliyoleta balaa. Somoe akayabeba kama yalivyokuja, kwa sauti ileile ya kutoka moyoni:

"Tangu nikiwa mtoto mdogo naonja mvinyo kila asubuhi, kabla hata ya chai. Baba yangu alinifundisha, nami nimewafundisha wanangu. Kwetu sisi hii ni ibada."

Mzee hakusema ibada hasa. Alitumia neno linaloweza kuwa desturi, linaloweza kuwa mila, likivutwa sana ndiyo linafika kwenye ibada. Lakini mkalimani hana muda wa kuchagua kama anayechagua nyanya sokoni. Neno la kwanza lililofika mdomoni ndilo lililotoka. Na mtu mmoja pale ukumbini, hakujulikana ni nani, alikuwa anarekodi na simu, kamera ameielekeza kwa Somoe peke yake.

*

Mama yake Somoe, Bi Mwanaheri, alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuna harusi ya maana Kunduchi iliyopita bila pilau yake na achari zake. Kwa hiyo alikuwamo kwenye kila kundi la akina mama la WhatsApp kuanzia Tegeta mpaka Mwenge, na video ile ilimfikia kutoka kwenye makundi yote kwa mpigo.

Somoe aliporudi kutoka shuleni alimkuta amekaa barazani, simu imelala mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo." Akabonyeza. Sauti ikatoka: *Tangu nikiwa mtoto mdogo naonja mvinyo kila asubuhi.* "Sauti hii ya nani?"

"Yangu."

"Na huu mdomo?"

"Wangu, mama."

"Na anayekunywa?"

"Ni yule mzee wa Kifaransa. Alikuwa pembeni yangu."

Bi Mwanaheri akaisogeza simu karibu na macho, akaitazama tena mpaka mwisho. "Mzee simwoni. Nakuona wewe, unasema unakunywa kabla ya chai, na kwamba baba yako marehemu ndiye aliyekufundisha, na kwamba kwetu sie ni ibada."

Somoe akaeleza kazi ya ukalimani ilivyo. Akaeleza habari ya kusema mimi kwa niaba ya mtu. Kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyoanza kuona jambo hilo ni la ajabu. Ni nani aliyeamua kwamba mtu aazime nafsi ya mwenzake namna hiyo, aivae kama kanzu?

Mjomba wake, Mbwana, kaka wa mama, alifika jioni ileile na hakukaa. Alisema ameaibika msikitini. Alisema mtoto wa kike kasomeshwa mpaka kasahau anaongea kwa kinywa cha nani.  Bi Mwanaheri akaendelea kumenya vitunguu, na Somoe hakujua kama yale machozi ni ya vitunguu.

Ustadhi Kondo alimwita chuoni Alhamisi. Hakuwa mkali, pengine angekuwa mkali ingekuwa rahisi zaidi.

"Mwalimu, wazazi wananipigia," alisema. "Nimewaambia ni ukalimani. Wananiuliza, ukalimani wa mvinyo unafaa? Nikafungua vitabu. Waliotajwa kulaaniwa kwa sababu ya pombe ni mkamuaji, mbebaji, muuzaji, mnunuzi, na wengine. Mfasiri hakutajwa."

"Kwa hiyo inafaa?"

"Kutotajwa siyo ruhusa." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini pia siyo katazo. Sijui, mwanangu. Kweli sijui. Pumzika kidogo kufundisha mpaka nijue."

Somoe akatoka pale akiwa hana hata mtu wa kumkasirikia. Alipita njia ndefu akitembea kwa miguu, akijiuliza swali ambalo halikumpa nafasi: kama mvinyo ni dhambi na yeye hakuunywa, na kama uongo ni dhambi na yeye hakusema uongo, basi uzito huu alioubeba kifuani umetoka wapi? Na kulikuwa na jambo jingine aliloona haya kumwambia mtu. Wakati ule ukumbini, alipokuwa anasema *baba yangu alinifundisha*, alikuwa amefurahi. Kwa muda mfupi alikuwa na kilima, na babu mwehu, na watu wanne nyuma yake wanaojulikana kwa majina. Yeye wa kwake, zaidi ya baba na mama, hakuwa na mtu ambaye angeweza kusimulia habari zake.

*

Genoveva alipopata habari alisikitika sana, na kama kawaida yake akatafuta namna ya kurekebisha. Alimweleza mzee Vauzelle. Mzee akasema haondoki Dar es Salaam mpaka amwombe radhi mama wa yule binti.

"Dada Geno, usimlete," Somoe alisema kwenye simu. "Utazidisha."

"Mie nimemwambia. Amekataa. Tumeshafika Mtongani, tuelekeze nyumba."

Wakaingia saa za alasiri, mzee amebeba kapu la mapera na machungwa aliyonunua njiani. Mjomba Mbwana naye alikuwapo, na aliposikia mgeni ni nani akaamua kubaki, kiti amekivuta mlangoni kama mlinzi. Bi Mwanaheri akawakaribisha, akaleta maji, akaleta kahawa. Mgeni ni mgeni.

Mzee Vauzelle akasimama, akainama, akaanza kusema. Somoe alikuwa ameapa moyoni kwamba leo atasema "anasema". Lakini ulimi uliozoea hauulizi ruhusa.

"Bibi, mimi ndiye mnywaji," akasema. "Binti huyu hana kosa. Nimekunywa maisha yangu yote, na aibu yote ni ya kwangu."

"Wee Somoe!" Mama akashika kichwa. "Nani?"

"Yeye, mama! Yeye ndiye anayesema!"

"Basi sema *huyu mzungu anasema*. Kila mara. Nisije nikafa bure."

"Huyu mzungu anasema anaomba radhi."

"Mwambie nimesikia, akae anywe kahawa."

Mjomba Mbwana akakohoa. Genoveva akasifia kahawa, akasema inamkumbusha nyumbani Bukoba. Ungeweza kuishia hapo ugeni ule, wageni wakaaga, kila mtu akabaki na lake. Lakini Bi Mwanaheri alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi huwa hamwachi mwenzake apite bila kumuuliza.

"Hebu muulize, hicho kinywaji chake kinakaa muda gani mpaka kiwe tayari?"

"Huyu mzungu anasema mwingine mwaka, mwingine miaka kumi. Wenyewe ndio unaoamua."

"Na yeye muda wote huo anafanya nini?"

"Anasema anangoja."

Bi Mwanaheri akatikisa kichwa taratibu. "Kazi ya kungoja ina hofu yake. Anaogopa nini?"

Somoe akafasiri. Mzee akazungusha kikombe. Akasema kwamba swali hilo hajaulizwa na mwandishi wala mnunuzi. Halafu akajibu.

"Anasema anaogopa siku atakayofungua pipa akute limegeuka siki. Lilishamtokea baba yake, mwaka mmoja, mavuno yote. Anasema baba yake hakuongea mpaka msimu wa mvua."

"Siki?" Mama akasema. Na hapo Somoe akashangaa, kwa kuwa mama yake alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya video. "Analilia siki? Hebu nenda stoo, niletee ile chupa ya nyuma, iliyofungwa na kitambaa."

Somoe akaileta. Ilikuwa siki ya mnazi, ile mama aliyotia kwenye achari zake zote, ambayo Somoe aliijua tangu utotoni kama alivyojua chumvi. Hakuwahi kuuliza inatoka wapi. Mama akammiminia mzee kidogo kwenye kijiko. Mzee akanusa kwanza, kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Akaonja. Akasema neno, akalirudia.

"Anasema… anasema kuna bahari humu ndani."

"Mwambie baba yangu angempenda," alisema Bi Mwanaheri. "Baba yangu alikuwa mgema."

"Dada!" Mjomba Mbwana akasimama.

"Kaa chini, Mbwana. Wamekwisha tusema mji mzima, kimebaki nini?"

Somoe alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba babu yake, mzee Shomari, alikuwa mkulima wa minazi. Hakuna aliyesema mgema. Sasa mama yake alikuwa anasimulia mbele ya wageni, na Somoe ilimbidi aisikie habari ya babu yake na kuifasiri papo hapo, bila nafasi ya kuishangaa: jinsi mzee Shomari alivyopanda minazi alfajiri na jioni, kisu kiunoni, kibuyu mgongoni, jinsi alivyolimimina tembo, ile pombe ya mnazi, kwenye mitungi nyuma ya nyumba, akaifunika kwa majani, akawakataza watoto wasiisogelee.

"Alikuwa hatii kitu," alisema mama. "Alikuwa akisema, ukilitia kitu ili ligeuke haraka, umeliharibu, halifai kwa Muislamu. Likigeuka lenyewe, kwa amri ya Mungu, limetakasika. Siki halali hiyo. Kwa hiyo alikuwa akingoja. Tulikuwaga tunapita kwa kunyata, tusije tukaitikisa mitungi."

Mzee Vauzelle aliposikia hayo akaweka kikombe chini. Akamwuliza Somoe kama ameelewa sawa: mzee huyu alichukua kinywaji kizuri, akakiacha bila kukigusa, akitumaini kwamba kitaharibika?

Somoe akageuka kwa mama. "Anauliza kama babu alikuwa anatumaini kitaharibika."

"Siyo kuharibika. Kutakasika."

Somoe akageuka kwa mzee na akakwama. Kwa Kifaransa neno lililomjia lilikuwa moja tu, la kinywaji kilichogeuka, na lilikuwa neno la msiba. Akalisema, akaongeza kwamba hapa si msiba. Mzee akakunja uso. Akasema pole pole, na safari hii Somoe akasahau kusema anasema:

"Basi kile ninachokiogopa mimi ndicho alichokuwa anakingoja babu yako. Na kazi yetu ni moja."

"Ndivyo," alisema Bi Mwanaheri aliposikia. Akafikiri kidogo. "Hapana. Sivyo. Ila mwambie ndivyo."

Mjomba Mbwana, ambaye alikuwa hajakaa bado, akasema kwa ukali kidogo, akimtazama dada yake peke yake: "Na mitungi yote iligeuka siki, siyo? Yote?"

Bi Mwanaheri akaifunga chupa yake kwa kitambaa, akakaza fundo. "Iliyogeuka iligeuka," akasema.

Genoveva akainamia kahawa yake. Mzee akamtazama Somoe, akingoja tafsiri, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile Somoe alisema kwamba hakusikia vizuri.

*

Mzee Vauzelle alirudi kwao na chupa ndogo ya siki ndani ya mkoba wake. Genoveva alisema uwanja wa ndege mzee alikataa kata kata kuiweka kwenye mzigo wa chini mpaka walipomlazimisha. Bi Mwanaheri naye alirekodi ujumbe wa sauti akautuma kwenye makundi yote: mwanangu hanywi, alikuwa anasema ya mtu, na mwenye wasiwasi aje kwangu aniulize. Waliokuja kuuliza ni wachache. Wengi walikuja kuonja achari.

Mwezi mmoja baadaye Ustadhi Kondo alimrudisha Somoe kufundisha. Alisema bado hajapata jibu, ila wasichana wamebaki nyuma kwenye hijai, kusoma herufi za Kiarabu. Baadhi ya wazazi walikuwa wameshawahamisha mabinti zao. Somoe akafundisha waliobaki. Wakati mwingine, katikati ya aya, alikuwa anasita bila sababu, akiisikia sauti yake kama ya mtu wa chumba cha pili.

Genoveva alipiga simu tena. Binti wa mzee Vauzelle alikuwa anakuja mwakani, na alimtaka Somoe na si mwingine. Somoe hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alisema atafikiri, na kweli alifikiri, lakini kila alipofika katikati ya fikra zake alikuta zimegeuka zikawa fikra nyingine.

Jumapili moja alimkuta mama anakata ndimu za achari. Akakaa, akachukua kisu, wakawa wanakata pamoja.

"Mama, babu alikuwa anakunywa?"

Bi Mwanaheri hakuinua macho. "Nilikuwa mdogo."

"Lakini watu walikuwa wanakuja kununua tembo?"

"Watu walikuwa wanakuja. Mie nilikuwa nimekatazwa kwenda nyuma ya nyumba." Akasukuma ndimu zilizokatwa upande wake. "Alikuwa mtu mwema, baba. Hilo nalijua. Mengine muulize Mbwana, naye hatakwambia."

Jioni Somoe alitembea mpaka pale mama alipomwonyesha kwa kidole, ng'ambo ya barabara ya lami. Minazi ya mzee Shomari ilikuwa imekwisha zamani. Palikuwa na ukuta wa hoteli na geti la chuma. Ulibaki mnazi mmoja nje ya ukuta, mzee, umeinama, hauzai. Kwenye shina lake palichongwa vidaraja vya kuweka mguu, kimoja juu ya kingine, kingo zake zimelainika na kupauka kwa miaka. Somoe alikuwa amepita pale tangu akiwa mtoto, na siku zote alidhani ni vya wachuma madafu, si vya mgema.

Mlinzi wa hoteli akamwuliza kama anamtafuta mtu.

"Hapana," alisema Somoe. Halafu akasema, "Sijui." Akasogea, akaingiza vidole kwenye kidaraja cha kwanza. Kilikuwa na kina kirefu kuliko alivyodhani.